Ikulu chini ya choo

Kwa karibu nusu karne, mtalii aliyefika Philadelphia kuitazama Kengele ya Uhuru na akabanwa na haja alielekezwa kwenye choo cha umma kando ya Mtaa wa Market, karibu na kona ya Mtaa wa Sita. Choo hicho kilijengwa 1954. Wengi waliokiingia hawakujua kwamba wamesimama juu ya kiwanja cha ikulu. Hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya marais wawili wa kwanza wa Marekani: George Washington, aliyekaa humo tangu Novemba 1790 hadi Machi 1797, na John Adams, aliyemrithi na kukaa hadi 1800, serikali ilipohamia mji mpya uliopewa jina la Washington mwenyewe.

Nyumba hiyo ilikuwa na mambo mengi hata kabla ya marais. Mjane tajiri, Mary Masters, aliijenga mwishoni mwa miaka ya 1760. Vita vya kudai uhuru vilipopamba moto na Waingereza wakauteka mji, jenerali wao William Howe alifanya makao humo. Walipoondoka akaingia Benedict Arnold, ambaye Wamarekani hadi leo wakitaka kumwita mtu msaliti humwita kwa jina lake. Mwaka 1780 ikaungua. Robert Morris, tajiri aliyeshughulikia fedha za vita hivyo, aliinunua na kuijenga upya, kisha akahama ili Rais apate pa kukaa. Marais walipoondoka ikawa hoteli, halafu maduka. Mwaka 1832 ikabomolewa karibu yote, zikabaki kuta za pembeni tu zilizokuwa zimeshikana na majengo ya jirani. Kuta hizo zilisimama miaka mingine 119, wapangaji wa maduka wakitundika bidhaa bila kujua ukuta ni wa nani.

Kilichozimaliza ni heshima kwa historia. Miaka ya 1950 Jimbo la Pennsylvania liliangusha majengo ya vitalu vitatu vya mji ili kufungua uwanja mrefu wa majani mbele ya jengo lilikotiwa saini Azimio la Uhuru. Jengo lile la uhuru lilitakiwa lionekane vizuri, peke yake, bila maduka ya karne ya 19 kulisonga. Katika usafi huo kuta za ikulu zilikwenda na kifusi mwaka 1951, na miaka mitatu baadaye pakajengwa choo.

Choo kiliondolewa 2003, na 2007 wanaakiolojia wakachimba. Kisa hiki kimeandikwa sana Marekani, na mara nyingi huelezwa kana kwamba ardhi ilifunguliwa ikatoa siri. Sikubaliani na maelezo hayo. Ardhi haikutoa siri yoyote; habari zote za maana zilikuwa kwenye barua, daftari za hesabu na magazeti ya zamani. Kilichotolewa na ardhi ni mahali, na ubishi uliokuwa umeshindikana kumalizwa kwa karatasi ulianza kumalizika pale watu walipochungulia shimoni. Ili kuona kwa nini ilikuwa hivyo, inabidi kwanza kufahamu nyumba iliyobomolewa mjini huacha nini nyuma yake.

Nyumba ya shamba ikianguka huachwa palepale. Majani huifunika, mizizi hupenya kuta, na mchimbaji akija baada ya miaka mia tatu huikuta imelala alivyoiacha mwenyewe. Mjini kiwanja ni pesa. Nyumba ikishuka leo, wiki ijayo msingi mwingine unachimbwa palepale, na kila msingi mpya hutafuta kwenda chini zaidi ya uliotangulia. Wafanyabiashara wa karne ya 19 walipenda maghala ya chini ya ardhi, na kila ghala lilipochimbwa liliondoka na sakafu za karne ya 18, takataka zake na vipande vya vyombo vyake. Ndiyo maana hata wataalamu waliotetea kiwanja kile kichimbwe hawakuwa na matumaini makubwa. Maduka yaliyojengwa baada ya 1832 yalikuwa na vyumba vya chini. Wengi waliamini nyumba imefutika.

Kwa hiyo mchimbaji wa mjini hatafuti sebule. Hutafuti sebule mahali ambapo sebule imeshaliwa na ghala la mwenye duka. Unatafuta kile kilichokuwa kirefu tangu mwanzo: kisima, shimo la barafu, chumba cha chini, na zaidi ya vyote shimo la choo. Philadelphia ya karne ya 18 ilikuwa na vyoo vya shimo nyuma ya kila nyumba, vimezungushiwa matofali na kuchimbwa chini sana. Shimo likijaa au likiachwa, familia hulifanya jaa. Sahani iliyopasuka hutupwa humo, na mifupa ya samaki, na chupa ambayo mtu hakutaka ionekane mezani. Kati ya 2014 na 2016, kabla ya Makumbusho ya Mapinduzi ya Marekani kujengwa si mbali na hapo, wanaakiolojia wakiongozwa na Rebecca Yamin walitoa vitu zaidi ya 80,000 kwenye mashimo ya aina hiyo. Kimojawapo ni bakuli kubwa la pombe lililochorwa merikebu iitwayo Triphena. Lilitoka uani kwa Benjamin na Mary Humphreys, ambao inaonekana walikuwa wakiuza vileo bila leseni; Mary alikamatwa 1783 kwa kuendesha nyumba ya fujo. Hakuna mwanahistoria ambaye angemtafuta Mary Humphreys. Choo chake ndicho kilichomleta.

Namna ya kusoma mabaki hayo ni kazi ya uvumilivu, na haina uhusiano na kuwinda hazina. Mashine huondoa kifusi cha juu, kisha huingia mwiko, uleule wa fundi mwashi, na udongo hukwanguliwa tabaka baada ya tabaka. Kila tabaka hutofautiana na jingine kwa rangi, kwa ugumu, kwa chokaa au majivu yaliyomo. Ukuta una mtaro wake, ule fundi aliouchimba ili apate nafasi ya kupanga mawe, na kitu chochote kilichodondoka ndani ya mtaro huo kabla haujafukiwa kinasema ukuta haukujengwa kabla ya kitu hicho kuwapo. Kigae cha chombo cha rangi ya malai, kile kilichoanza kutoka Staffordshire kwa wingi miaka ya 1760, kikikutwa chini ya sakafu, basi sakafu hiyo ni ya miaka hiyo au baadaye. Hata kiko cha udongo kina ushahidi. Mwaka 1954 mwanaakiolojia J. C. Harrington alionyesha kwamba tundu la mrija wa kiko cha Kiingereza lilipungua upana kadiri miaka ilivyokwenda, kuanzia mwanzo wa karne ya 17 hadi mwisho wa karne ya 18. Alilipima kwa kuingiza kijiti cha keekee ndani ya mrija: kijiti kinachoingia bila kulegea ndicho kipimo. Vipande vya mirija hupatikana kila mahali kwa sababu viko vilivunjika kila siku, na mvutaji hakujali alivitupa wapi.

Kwa zana hizo mtu anaweza kusema mengi kuhusu tarehe, chakula na biashara. Hawezi kusema, kwa kutazama kigae peke yake, mkono uliokishika ulikuwa wa mtu huru au wa mtumwa. Hapo panahitajika karatasi.

Na karatasi za nyumba hii zilikuwapo, hazikufichwa na mtu. Washington aliandika barua nyingi kwa katibu wake Tobias Lear mwaka 1790 akipanga nani alale wapi, mpaka mahali pa kuwaweka wahudumu wa farasi, karibu na kibanda cha kukaushia nyama. Katika miaka yake ya urais alileta Philadelphia, kutoka shamba lake la Mount Vernon huko Virginia, watumwa tisa: Austin, Christopher Sheels, Giles, Hercules, Joe, Moll, Ona Judge, Paris na Richmond. Pennsylvania ilikuwa imepitisha sheria ya kukomesha utumwa kidogo kidogo mwaka 1780. Sheria hiyo ilisema mtumwa aliyeletwa na mgeni akikaa jimboni miezi sita mfululizo anaweza kudai uhuru wake. Wabunge wa Kongresi walisamehewa sharti hilo, Rais hakutajwa. Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Edmund Randolph, alipoona watumwa wake mwenyewe wanadai uhuru kwa kifungu hicho, aliitahadharisha nyumba ya Rais. Washington akamwagiza Lear, kwa barua ya Aprili 1791, watumwa wavushwe mpaka kabla miezi sita haijatimia, na wapewe kisingizio ambacho hakitawazindua wao wala raia. Marekebisho ya 1788 yalikuwa yamekwisha kukataza mchezo huo. Rais wa kwanza wa Jamhuri aliukwepa mkono wa sheria kwa kupiga kalenda.

Hayo yote yalikuwa maktabani. Wasomi wachache waliyajua. Mji haukuyajua, kwa sababu hapakuwa na pa kuyaelekezea kidole.

Januari 2002 mtafiti Edward Lawler Jr. alichapisha makala ndefu katika jarida la historia la Pennsylvania, akionyesha kwa ramani na nyaraka nyumba ilisimama wapi hasa, kila chumba kilikuwa wapi, na nani alilala wapi. Makala ya aina hiyo kwa kawaida husomwa na watu mia mbili. Hii iliwasha moto, kwa kuwa wakati huohuo Idara ya Hifadhi za Taifa ilikuwa ikijenga banda jipya la Kengele ya Uhuru, na ramani ya Lawler ilionyesha kwamba wageni wangeelekea mlangoni kwa kupita hatua chache tu kutoka mahali walipolala watumwa wa Rais. Ungekanyaga makazi ya watumwa kwenda kuipigia picha kengele ya uhuru. Mwanahistoria Gary Nash alipaza sauti kwenye redio. Wakili Michael Coard na wenzake wakaunda umoja wa kudai haki ya mababu, wakaandamana, wakakusanya saini. Idara ilipinga mwanzoni kwa hoja mbalimbali, mojawapo ikiwa kwamba kuichanganya kengele na utumwa kungewakoroga wageni. Hoja hiyo ilisema zaidi ya ilivyokusudia.

Ieleweke kwamba haikuwa mara ya kwanza Idara kukutana na historia iliyofukiwa hapo. Mwaka 2000 na 2001, kwenye uchimbaji wa kuandaa banda hilohilo la kengele, lilipatikana shimo la barafu la Robert Morris, limejengwa kwa mawe. Washington alikuwa amelipenda sana. Mwaka 1784 alimwandikia Morris kumwuliza alilijengaje, maana barafu yake mwenyewe ilikuwa imeyeyuka. Wachimbaji walilipima, wakalipiga picha, likafukiwa, na banda likajengwa juu yake. Mbali kidogo kaskazini kulikuwa na kiwanja cha James Dexter, mwendesha magari ya farasi aliyewahi kuwa mtumwa, ambaye nyumbani kwake miaka ya 1790 walikutana Waafrika huru kupanga kanisa lao. Idara haikuwa na mpango wa kukichimba, kwa maelezo kwamba kingehifadhiwa vizuri zaidi kikiachwa chini. Viongozi wa jamii ya watu weusi walikataa jibu hilo, na mwaka 2003 kikachimbwa.

Hoja ya kuacha mabaki chini ni ya kitaalamu kweli, na mimi naiheshimu. Kila uchimbaji ni uharibifu. Tabaka likishaondolewa halirudi, na kesho watakuja watu wenye vifaa bora kuliko vyetu. Lakini angalia inatumika wakati gani. Nyumba ya Benjamin Franklin, iliyobomolewa na wajukuu wake 1812, ilichimbwa kuanzia miaka ya 1950 bila mtu kusema iachwe kwa vizazi vijavyo. Uangalifu ule mkubwa ulionekana zamu ilipofika kwa mwendesha farasi mweusi. Nani anachimbwa na nani anaachwa "salama" chini ya lami ni uamuzi wa fedha na wa nguvu kabla ya kuwa uamuzi wa sayansi, na mwanaakiolojia asiyelikubali hilo anajidanganya.

Jiji lilitoa dola milioni 1.5, serikali kuu ikaongeza milioni 3.6, na Machi 2007 uchimbaji wa kiwanja cha ikulu ukaanza. Ulichukua hadi Julai. Jambo moja la busara lilifanyika mapema: palijengwa jukwaa la mbao ukingoni mwa shimo, na kila saa mwanaakiolojia mmoja alipanda juu kuwaeleza watu kinachoonekana. Inakadiriwa watu 300,000 walifika. Wafanyakazi wa ofisi za jirani walikuja na chakula chao cha mchana, wakarudi kesho yake kuuliza ukuta ule wa jana umefika wapi.

Walichokiona, tukipime kwa macho ya mtu aliyetegemea dhahabu, kilikuwa kidogo: mistari ya mawe. Lakini mistari mitatu ilitosha.

Wa kwanza ulipinda. Ulikuwa msingi wa ukuta wa duara ambao Washington aliagiza uongezwe upande wa kusini wa nyumba, wenye madirisha makubwa, ili apate pa kupokelea wageni. Kila Jumanne alasiri wanaume wenye hadhi walifika, wakapangwa kwa duara, naye akapita akiinamisha kichwa kwa kila mmoja bila kumpa mkono mtu. Umbo lile la duara wanahistoria wengi wanalihusisha na vyumba vyenye umbo la yai vya White House, na kwa njia hiyo na ofisi ambayo marais wa leo huonekana wameketi kwenye televisheni. Wazungu na weusi waliofika jukwaani walishangilia pamoja. Hapo palikuwa na asili ya kitu ambacho kila Mmarekani anakijua kwa sura.

Wa pili ulikuwa msingi wa jiko, lililojengwa mbali kidogo na nyumba kubwa kwa hofu ya moto. Wachimbaji hawakutegemea kuukuta. Ilionekana jiko lilikuwa na chumba chake cha chini, kirefu kuliko walivyodhani, na urefu huo ndio uliouokoa na maghala ya 1832. Humo alifanya kazi Hercules, mpishi mkuu, aliyesifika kwa ukali wake jikoni na kwa mavazi yake barabarani. Kwa kumbukumbu za mjukuu wa Martha Washington, alipata mpaka dola 200 kwa mwaka kwa kuuza mabaki ya jikoni, na jioni alitoka matembezini na koti lenye ukosi wa mahameli na fimbo yenye kichwa cha dhahabu. Mwaka 1796 aliachwa Mount Vernon, akapewa kazi za sulubu pamoja na watumwa wa shamba. Tarehe 22 Februari 1797, siku Washington alipotimiza miaka 65, Hercules alitoroka, na hakukamatwa tena.

Wa tatu haukuwa kwenye ramani yoyote: ujia wa chini ya ardhi, kutoka jikoni hadi chumba cha chini cha nyumba kubwa. Wahudumu walibebea vyakula humo ili wageni wasiwaone wakikatiza ua. Lawler hakuutaja kwa kuwa nyaraka hazikuutaja. Nikisema ardhi haikutoa siri, huu ndio karibu uniumbue, na sitaki kuupunguzia uzito. Lakini hata ujia huo haukutufahamisha kwamba kulikuwa na watumwa au kwamba walifichwa. Ulionyesha kwa mawe jinsi walivyofichwa. Na ulipita hatua chache tu kutoka ukuta ule wa duara. Aliyesimama jukwaani aliweza kuvitazama vyote viwili bila kugeuza shingo: pale Rais aliinamia wageni, na hapa chini mtu ambaye sheria ilimwita mali alipita na sinia. Historia ya kitabuni huviweka katika sura mbili tofauti, moja ya dola na nyingine ya utumwa. Shimo lile liliviweka katika kiwanja kimoja, na hapakuwa na namna ya kusema habari ya kimoja ukakiruka cha pili. Walioshuhudia wanasimulia watu wasiojuana wakianza kubishana jukwaani kuhusu Washington, wengine machozi yakiwatoka.

Ni katika nyumba hiyohiyo, Februari 1793, Washington alitia saini sheria ya kurudisha watumwa watoro. Na ni kutoka nyumba hiyohiyo, tarehe 21 Mei 1796, Ona Judge alitoka. Alikuwa mhudumu wa Martha, msichana wa miaka ishirini na kitu, naye alikuwa amesikia kwamba atatolewa zawadi ya harusi kwa mjukuu wa Martha. Miaka mingi baadaye aliwaeleza waandishi wa magazeti kwamba wakati familia ikifunga mizigo kwenda Virginia, naye alikuwa akifunga yake, na akaondoka wakiwa mezani wanakula. Alipanda merikebu hadi New Hampshire, akaolewa na baharia, akazaa. Washington alituma watu wamrudishe, hawakuweza. Alifariki 1848, kisheria bado mtoro.

Hapa pana kishawishi ambacho wachimbaji wa 2007 walikishinda kwa kiasi kikubwa na ambacho wengi hushindwa nacho. Kila kigae kilichotoka kwenye kiwanja maarufu hutakiwa kiwe cha mtu maarufu. Kifungo kinakuwa cha Rais, sindano inakuwa ya Ona. Ukweli ni kwamba sakafu nyingi za miaka ya 1790 ziliondoka na maghala, na kitu ambacho unaweza kuapa kwamba Hercules alikishika hakipo. Mwanaakiolojia mkweli husema "jiko" na kuishia hapo, kisha humwachia barua na gazeti kumtaja mpishi. Ardhi na karatasi zikiulizwa kila moja swali lake, hushuhudiana. Ukiilazimisha ardhi ijibu swali la karatasi, umeanza kutunga.

Majaribu ya namna hiyo tunayajua na sisi. Mkunazini, Unguja, soko la watumwa lilifungwa 1873 na kanisa kuu la Anglikana likajengwa juu ya kiwanja chake. Wageni huteremshwa kwenye vyumba vya chini vya jengo la jirani na kuambiwa humo walirundikwa watumwa kabla ya kuuzwa. Wanahistoria kadhaa wametilia shaka, wakisema jengo lile ni la wamisionari na limekuja baada ya soko kufungwa. Utumwa wa Unguja hauhitaji vyumba hivyo ili uwe kweli. Ushahidi wake umejaa. Lakini watu wanataka mahali pa kuinamisha vichwa, na pasipochimbwa kitaalamu mahali hujitokeza penyewe.

Swali la mwisho, shimo likishapatikana, ni lifanyweje. Kulifukia ni rahisi na ni salama. Kuijenga nyumba upya kunapendeza watalii, ila kila mahali ambapo hujui dirisha lilikuwaje utalazimika kubuni, na mgeni hatajua wapi ukweli umeishia. Kwa Franklin, mwaka 1976, wasanifu Robert Venturi na Denise Scott Brown (mzaliwa wa Nkana, Zambia ya leo) walikataa kubuni: walisimamisha fremu tupu ya chuma yenye umbo la nyumba, na ardhini wakaacha matundu ya kuchungulia misingi na shimo la choo. Mimi naliona ndilo jibu la uaminifu zaidi lililowahi kutolewa.

Kwa ikulu ya Washington walitafuta njia ya kati. Jumba la kumbukumbu lisilo na paa lilifunguliwa Desemba 2010: kuta fupi za matofali zinazofuata mpango wa vyumba, mahali pa moto pa kuigiza, skrini zenye waigizaji, majina tisa yaliyochongwa kwenye jiwe, na kioo kinachoonyesha misingi ya jiko, ujia na ule ukuta wa duara. Ni kazi iliyojaa mno. Kuna maneno mengi, sauti nyingi, na kuta mpya za matofali zinamchanganya mgeni asijue kipi ni cha 1790 na kipi ni cha 2010. Ungeondoa nusu ya vitu hivyo, kioo kile kingesema zaidi.

Ila matukio ya karibuni yamenifanya nisite. Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuzitaka hifadhi za taifa ziondoe maelezo yanayoonekana kuwashushia hadhi Wamarekani wa zamani. Januari 2026 wafanyakazi wa Idara ya Hifadhi waliyang'oa mabango ya utumwa katika kiwanja hicho. Jiji la Philadelphia likafungua kesi, na Februari jaji wa mahakama ya shirikisho akaamuru yarudishwe. Serikali ikakata rufaa. Mabango niliyoyaona ni mengi mno ndiyo yaliyogombewa mahakamani, kwa sababu bila maneno misingi ile ni mawe tu. Mahali panahitaji msemaji, na msemaji anaweza kunyamazishwa kwa bisibisi.

Kwetu hatuna hata cha kugombea, kwa kuwa tunabomoa bila kutazama. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya 1964, inalinda hasa majengo ya kabla ya 1863. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, yenye ukumbi katikati, vyumba kila upande, na uani jiko, kisima na choo, haifikii umri huo, na kila ghorofa jipya lenye maegesho chini ya ardhi linachota uani mzima kwa siku mbili za katapila. Kilichomo humo, vyombo vya wapangaji, vya wapagazi, vya akina mama waliopika kwa ajili ya kuuza, hakipo kwenye karatasi za serikali yoyote, ya kikoloni wala ya kwetu. Tuna vyuo vinavyofundisha akiolojia na vijana waliohitimu wasio na kazi. Halmashauri zinazotoa vibali vya ujenzi ziweke sharti moja: kabla katapila halijaingia, uani uchimbwe kwa mwiko.